Safari Ndani ya Yai la Kambare

Kabla hujagusa yai la kambare, binti yangu, nusa mikono yako. Ikinuka sabuni, rudi ukaisuuze kwa maji ya bwawa mpaka isinuke kitu. Ikinuka mafuta, kitunguu au udi wa arusi ya jana, rudi pia. Hilo sidhani kama limeandikwa kwenye karatasi mtakayopewa siku ya kwanza. Ninawaandikia mimi, kwa sababu niliwahi kulikosea, na kosa langu likakaribia kumfukuzisha kazi mtu mwingine.

Sadia, mjukuu wa marehemu dada yangu Bokayo, ndiye aliyeniambia kwamba nyinyi sita mmepata kazi kwenye chumba cha kutotoleshea samaki kule Rapsu. Amenitajia majina yenu yote na nimeyashika. Mimi ni Darmi. Hapa Chechelesi watoto wananiita Ako, yaani bibi. Shule niliiacha darasa la pili, ng'ombe walipohitaji mtu, kwa hivyo mkiona nimeandika kama ninavyosema, ni kwa sababu sijui njia nyingine. Kazi yenu niliifanya miaka kumi na saba, mpaka magoti yakakataa kuchutama kando ya maji.

Sisi ni watu wa ng'ombe. Kwetu samaki alikuwa ndugu wa nyoka, basi, hakuna la kuongeza. Niliporudi nyumbani wiki ya kwanza, shangazi yangu Kuli alinipungia mkono kutoka ng'ambo ya boma, hakutaka nimguse. Lakini ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wangu, kuanzia Burre mpaka Dalacha, na Hajji Wario, aliyekuwa amepoteza wengi kuliko mimi, alikuwa amechimba mabwawa karibu na mifereji ya mashamba akatangaza anataka akina mama wenye subira. Nikasema, subira ninayo, nyoka atanizoea.

Aliyenifundisha ni Nkatha. Nataka mlijue jina hilo. Alikuwa mama wa Kimeru, mfupi, mwenye sauti ya kuita mtu aliye mlima wa pili, na alikuwa ameshafanya kazi na samaki wa maji baridi kule juu mlimani kabla Hajji hajamleta kwetu. Mimi nilimwita Mama Mwenda, yeye akaniita Mama Jarso, kwa majina ya vifungua mimba wetu.

Siku ya kwanza alinikabidhi kambare jike, mnene, aliyedungwa sindano jioni iliyotangulia ili mayai yake yaive. Akasema nimkamue. Basi nikafanya ninachojua. Nikamshika kama chuchu ya ng'ombe, nikavuta. Yule samaki akanipiga mkia wa uso mpaka nikaona nyota mchana. Nkatha alicheka akakaa chini kwenye maji.

Akaniambia, "Mama Jarso, huyu hana ndama wa kumdanganya. Haumvuti. Unamwomba."

Kumwomba ni hivi. Unamfunika kichwa kwa kitambaa kilichoroa. Unaweka kidole gumba chini ya kifua chake na kukipeleka taratibu kuelekea mkiani. Mayai yakitoka yenyewe kama uji, ameiva. Ikibidi utumie nguvu, mrudishe majini, saa yake bado. Beseni la kupokea mayai liwe kavu kabisa, maana yakiguswa na maji kabla ya mbegu ya dume yanajifunga na hayafunguki tena. Unachanganya mayai na mbegu kwa unyoya wa kuku, si kwa kijiko. Halafu ndipo unatia maji kidogo, unakoroga kidogo tu, kisha unayatandaza juu ya wavu, yai kando ya yai, yasipandane. Kesho yake unaondoa yaliyogeuka meupe, ambayo yamekufa, kabla hayajaota ukungu ukaua na mazima. Kufikia mchana vifaranga wanaanza kutoka, wembamba kama uzi, mkia ukichezacheza.

Majike wote niliwapa majina. Kulikuwa na Talaso, Tume, Kabale, na mmoja mkali niliyempa jina la shangazi Kuli. Hajji alinikataza. Alisema hakuna mtu atakayemla samaki anayemjua kwa jina. Lakini mwezi uliofuata nikamsikia mwenyewe akiuliza kama Tume ameshaiva.

Sasa niwaambie la moshi.

Mwaka wangu wa nne, Nkatha alikwenda kwao kuzika mama yake, akakaa majuma matatu. Aliniachia vyombo. Nikaona yale mabeseni yake ya plastiki yana harufu ya samaki isiyoisha. Kwetu chombo kinachonuka ni aibu ya mwanamke. Gorfa, chombo cha maziwa kilichosukwa, hatukioshi kwa sabuni. Tunakifukiza. Unachukua kijiti cha ejersa, yaani mzeituni wa porini, kilichokauka, unakiwasha, unakizima, unakiweka ndani kikifuka, unafunika mpaka moshi ukolee mule ndani. Maziwa yanakaa siku nyingi na yanakuwa na ladha ya nyumbani. Basi mabeseni ya mayai nikayafanyia vivyo hivyo, kwa heshima yote, nikiyainamisha juu ya moshi moja baada ya jingine. Harufu ya samaki ikaondoka. Nilifurahi. Nkatha aliporudi nikaendelea, kila siku ya kukamua, kabla hajafika. Sikumwambia. Si kwamba nilificha. Nani hutangaza kwamba ameosha vyombo?

Vifaranga wakaanza kutoka wamepinda. Mara ya kwanza tukasema ni joto. Mara ya pili tukasema ni damu ya yule dume. Mara ya tatu wengi walikuwa na migongo ya kona na matumbo yaliyovimba, wanaogelea kwa kuzunguka mahali pamoja mpaka wanachoka na kuzama. Wakulima waliokuja kuchukua vifaranga wakarudi na ndoo tupu. Wakaanza kusema huyo mama wa juu amerudi kutoka matangani na mkono mbaya.

Maneno ya namna hiyo yakianza hayana breki. Hajji Wario hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mtu wa kusikiliza watu. Alimwita Nkatha mbele yetu akamwambia Ijumaa ikifika, kama hakuna vifaranga walionyooka, gari la mboga litakalopanda Meru litampeleka na vitu vyake. Nkatha aliinama akaendelea kuokota mayai meupe. Sauti ile kubwa ilikuwa imekwisha, na mimi nikamhurumia sana, nikazidi kufukiza mabeseni ili angalau yeye asilaumiwe kwa uchafu. Mnaona mambo hayo?

Wiki hiyo kulikuwa na mgeni kwetu, msichana wa Kisumu anayeitwa Achieng, mwanafunzi wa chuo kikuu. Alikuwa ameomba ruhusa ya kuangalia mayai ya kambare kwa hadubini. Alikuja na masanduku mawili na kompyuta ndogo, akajenga kiota chake kwenye kona ya chumba, akitumia umeme wa jua. Tulimwona kama mtoto anayecheza. Anachungulia yai moja tangu asubuhi hadi alasiri, na mayai yako maelfu!

Siku ya Jumanne nilimpelekea chai nikamuuliza anatafuta nini humo. Akasema, "Ako, natafuta jinsi seli zinavyojua pa kwenda."

Nikamwambia sijui seli ni nini. Hakucheka. Akasema sisi sote, mimi na yeye na kambare, tumejengwa kwa vitu vidogo visivyoonekana, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Ila tofali linabebwa na fundi. Hizi zinatembea zenyewe. Akanikalisha kwenye kiti chake. Alikuwa amekwisha kuiambia kompyuta ipige picha ya yai alilolichanganya mwenyewe kwenye kisahani chake, kila dakika, halafu izipitishe picha zote haraka, mchana mzima kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Wasichana wangu, nimeona mto Ewaso ukija na mafuriko mchana wa jua kali, bila wingu. Nimeona ngamia akizaa amesimama. Sijaona kitu kama kile.

Yai lilikuwa mpira, kubwa kama mwezi kwenye kioo kile. Juu yake kulikuwa na kifungu kidogo, kama kofia ya mzee imekaa juu ya kichwa. Achieng akasema hiyo kofia ndiyo seli, na mpira wa chini ni kiini, chakula chao cha safari. Kisha kofia ikaanza kushuka. Ikashuka pande zote kwa pamoja, kama mtu anavuta shuka kufunika kibuyu. Ilipofika katikati, ukingoni, nikaona seli zinajikunja na kuingia chini, chini ya wenzao, na kurudi juu kwa njia ya ndani. Maelfu. Nyingine zinashuka kwa nje, nyingine zinapanda kwa ndani, na hazigongani. Halafu zikaanza kujikusanya upande mmoja, zikafanya mstari. Achieng akaweka kidole kwenye kioo akasema, hapa patakuwa kichwa, hapa mgongo, hapa mkia.

Nikasema subhanallah. Nilisema mara nyingi, sikumbuki ngapi. Kwa maana hapo palikuwa hapana samaki. Hapakuwa na jicho wala mdomo. Na tayari kila mmoja alijua njia ya kwake.

Nikamuuliza nani anawaongoza. Nilidhani atasema kuna mmoja mkubwa mbele, kama ng'ombe kiongozi aliyevaa kengele. Akasema hakuna. Akasema ndani ya kila seli kuna maagizo yaliyorithiwa kwa mama na baba, yanaitwa jeni, na baadhi ya jeni hizo kazi yao ni kutoa mwito. Si mwito wa sauti, ni kitu kidogo sana kinachotolewa majini mwa yai, na seli nyingine zina mahali pa kukipokea. Akanitajia mmoja wa miito hiyo. Wataalamu walioigundua ile jeni kwa samaki mdogo mwenye mistari waliipa jina la mtoto anayeanza kutembea, kwa sababu ikikosekana, zile seli zinazotakiwa kupanda zinabaki chini, haziendi. Kwa kambare, akasema, anadhani ni vivyo hivyo, na hilo ndilo alilokuja kuchunguza. Mimi mpenda majina nililipenda hilo kuliko yote.

"Lakini huo mwito unatokea wapi?" nikauliza. "Mbele au nyuma?"

Akacheka. Akasema hilo swali liliwasumbua watu wenye digrii. Maana mwito ule hautoki kule mbele wanakokwenda. Unatoka pale chini pale pale wanapoanzia. Kilichoonekana ni kwamba zile seli zenyewe zinaumeza mwito pale zilipo. Wakiwa wengi mahali pamoja wanaumaliza, na mbele yao, ambako hawajafika, bado upo. Kwa hivyo wanasonga mbele.

Halafu nikamwambia, "Mwanangu, hao ni mbuzi."

Akaniangalia. Nikamweleza. Mbuzi ukiwafungulia asubuhi, hakuna anayewaambia mashariki wala magharibi. Wanakula kilicho chini ya mdomo. Nyuma yao panabaki peupe, mbele bado kijani, basi wanakwenda mbele. Mtu anayewatazama kutoka mlimani ataapa kwamba wana kiongozi na wana ramani. Kumbe njia wanaitengeneza wao kwa kula. Achieng alichukua kalamu akaandika hayo kwenye daftari lake, na chai ikapoa.

Baadaye akaniwekea yai la kundi letu la Jumatatu, lile lililopinda. Afadhali nisingeliona. Kofia ilishuka upande mmoja, upande wa pili ikakwama. Seli zilizoingia ndani hazikupanda. Zilisongamana ukingoni, zikawa kama mifugo waliofika kisimani wakakuta kimefungwa. Mstari wa mgongo ulianza ukapotea njia. Hakuna kelele, hakuna damu, lakini nililia.

Achieng akasema saa zile za kwanza yai ni jepesi kuharibika. Kitu kidogo tu kikiingia, seli zinachanganyikiwa. Nikamuuliza kitu gani.

"Chochote, Ako. Dawa ya shamba. Sabuni. Hata moshi una vitu vingi ndani yake."

Nilikuwa nimeshika kikombe chake. Nilikiweka chini kabla hakijaanguka.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo nilipojijua. Nilitoka nje nikasimama kando ya bwawa la Tume, na wazo la kwanza lililonijia halikuwa zuri. Nilisema moyoni, acha kufukiza, Darmi. Acha tu, kimya kimya. Vifaranga watanyooka, hakuna atakayejua. Lakini Ijumaa ilikuwa siku tatu mbele, na vifaranga wakinyooka baada ya Nkatha kupanda lile gari, watu watasema nini? Watasema mkono mbaya umeondoka. Jina hilo lingemfuata mpaka kwao, mpaka kwa wajukuu zake. Na ningekuwa mimi ndiye niliyelibandika.

Nikaenda nikamwambia Hajji mbele ya Nkatha na Achieng na wafanyakazi wote, asije mtu akasema niliyasema pembeni. Nikasema ni mimi, nimekuwa nikifukiza mabeseni kwa ejersa tangu mazishi.

Hajji alinitazama kama nimemtusi mama yake. Na kwa kweli nilikuwa nimemtusi. "Darmi," akasema, "mimi nimekunywa maziwa ya moshi tangu nizaliwe. Angalia mgongo wangu. Umepinda?"

Mtu mmoja akacheka nyuma. Hajji akasema namtetea rafiki yangu kwa uongo, na kwamba moshi unasafisha, kila mtoto wa Borana anajua. Nkatha alikuwa ameangalia chini. Ni Achieng aliyesema, kwa adabu, kwamba kuna njia ya kujua bila kubishana. Jike mmoja, dume mmoja, mabeseni mawili, moja limefukizwa na moja limesuuzwa kwa maji tu. Hajji atazame mwenyewe.

Jumatano jioni tulimdunga Talaso sindano. Alhamisi saa nne asubuhi Nkatha akamkamua, nami nikamshikia mkia. Kila kitu kilikuwa kimoja isipokuwa moshi. Alasiri Hajji akaja na kiti chake, akakaa mbele ya kompyuta kama mtu aliyekuja kusikiliza kesi. Achieng akapitisha picha za yai la kwanza, lile safi. Kofia ikashuka, seli zikajikunja, zikapanda, zikajipanga. Hajji aliuliza kama hiyo ni filamu ya uongo. Akaambiwa ni yai lililo pale kwenye kisahani. Akaomba lirudiwe. Likarudiwa. Akavua kofia yake akaipakata.

Kisha likaja la pili. Tulitazama likikwama. Achieng akaweka lingine la moshi, na lingine. Mengine yalijikokota, mengi yakasimama njiani. Hajji aliinuka, akarudisha kofia kichwani, akatembea mpaka mlangoni. Pale akageuka. Hakusema samahani, kwa sababu hakuwa amezoea neno hilo. Alisema, "Mama Mwenda, Kabale ataiva lini?"

Nkatha akajibu kwamba ataiva Jumatatu. Hajji akasema vizuri, basi achukue nafasi ya kupumzika kesho, gari la mboga lina mzigo mwingi, halina nafasi ya mtu.

Tulipobaki wawili nilimwomba msamaha Nkatha. Nilitaka anikemee kwa ile sauti yake. Alikuwa anasuuza unyoya wa kuku kwenye maji, polepole.

"Harufu niliisikia," akasema. "Tangu siku ile nimerudi."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, naye ndiye alikuwa anafukuzwa.

"Hii ni nchi yenu, Mama Jarso. Nimwambie mama wa watu usafi wa kwao ni uchafu? Niliona afadhali nifukuzwe kwa samaki kuliko kwa matusi."

Nilikaa chini. Tulikuwa tumefanya kazi miaka minne, bega kwa bega, tunaambiana mambo ya waume na ya watoto. Na yeye kwa heshima alinyamaza, na mimi kwa usafi nikanyamaza, na katikati yetu samaki wanapinda. Nikamwambia kuanzia leo ukinusa kitu kwangu sema, hata kama ni mimi mwenyewe ninayenuka. Akasema, basi nianze, mafuta yako ya nywele yana shida. Hapo sauti yake ilirudi. Walisikia mpaka kwenye mifereji.

Asubuhi ya Ijumaa hakupumzika. Tulikutana mlangoni, kila mmoja amekuja mapema akidhani atakuwa peke yake. Achieng alikuwa ameshaamka. Akatuwekea yai moja safi la Talaso. Ndani yake samaki alikuwa amekamilika, amejizungusha kama kamba, na chini ya kidevu chake kulikuwa na kitu kidogo kinachofumba na kufumbua.

"Moyo," akasema Achieng.

Jana asubuhi haukuwepo. Nkatha akasogeza kichwa chake karibu na changu. Akaanza kuuhesabu kwa Kimeru, imwe, ijiri, ithatu, nami nikaanza kwa Kiborana, toko, lama, sadi, na ulikuwa unakimbia kuliko ndimi zetu zote mbili. Tulipotelewa na hesabu, tukaanza upya.